Hajara na Maelezo ya Sauti Yake

Siku za kazi, Hajara wa Mpumudde alikuwa fundi cherehani. Jumamosi alikuwa mwimbaji wa death metal, ule muziki mzito wa magitaa ambao Wanubi wenzake mtaani waliuita kelele za wagonjwa. Sauti yake ilitoka tumboni, ya kukwaruza, mpaka wageni wakauliza huyo mwanamume anayeimba yuko wapi. Kwa miaka sita mpiga ngoma wake alikuwa Waiswa, na Hajara alimwamini kama ndugu wa tumbo moja.

Waiswa alipohamia Mbale, alimpigia simu akamwomba amwandikie jinsi muziki wao wa kizamani unavyosikika, wapate maneno ya kutangazia onyesho. Hajara aliandika siku mbili. Nyuzi za magitaa zilegezwe mpaka zingurume kama msumeno kwenye mti mbichi. Ngoma za miguu zikimbie bila kupumzika, kisha ghafla kila kitu kiende polepole, kama watu wanaobeba jeneza matopeni. Rekodi isisafishwe sana. Kuhusu sauti aliongeza jambo alilowahi kumwambia Waiswa peke yake: kwamba aliipata siku waliyomzika mama yake, alipotaka kulia na kilio kikakataa kutoka.

Mwezi uliofuata akapanda basi kwenda Mbale kwa mazoezi. Hakukuta gitaa wala ngoma. Alimkuta Waiswa na kompyuta. Akasikilizishwa nyimbo nane zilizotungwa na programu ya akili mnemba, zenye sauti ya kukwaruza kama yake. Kwenye kioo cha kompyuta akasoma maagizo ambayo programu ilipewa: maneno yake yote, na mama yake humo humo.

Akauliza habari za onyesho. Waiswa akakiri kwamba halikuwepo. Alijua kwamba angemwambia Hajara ukweli, angekataa.

"Watu wamezipenda, dada," alisema. "Na ni maneno yako mwenyewe."

"Mtoe mama yangu."

Waiswa akaifuta ile sentensi, akabonyeza wimbo utungwe upya. Wakangoja. Sauti ikatoka ileile, haikupungukiwa na kitu. Hajara alikuwa ametumaini itaharibika. Akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Siku hizi anaimba na Shadiah, mpiga gitaa wa Nalufenya. Shadiah akimwuliza wimbo usikike vipi, Hajara humwimbia. Kueleza, haelezi tena.