Kichupa Alichokikataa Evalina

Kwa miaka mingi, daktari wa hospitali ile ya misheni mjini Bariadi akitaka majibu ya damu ya kuaminika alisema, "Mpelekeeni Klementina." Hata kijijini Nkololo walimjua kwa jina. Wagonjwa wengine walikaa kwenye benchi wakisubiri zamu yake.

Kisha hospitali ikaanza kuitafutia maabara ithibati, na Evalina akaletwa kutoka Mwanza kusimamia ubora. Alikuwa mdogo kwa Klementina, mpole, na alipenda kusema kwamba majibu yawe yaleyale, hata apime nani. Mashine zikawa zinajaribiwa kila asubuhi kabla damu ya mgonjwa haijaguswa. Kila kundi la damu likawa linahakikiwa na mtu wa pili. Daktari naye akaacha kutaja jina la mtu. Alisema tu, "Pelekeni maabara." Neno hilo lilimchoma Klementina. Evalina akisifiwa kikaoni, yeye alitazama dirishani.

Mchana mmoja kikaletwa kichupa cha damu kutoka wodi ya wazazi. Milembe, binti wa kaka yake Klementina, alikuwa amejifungua na damu haikomi, anahitaji kuongezewa upesi. Klementina alikuwa ameshashika kigae cha kupimia Evalina aliposema, "Samahani, dada. Kimeandikwa Milembe tu. Hakina jina la pili wala namba."

"Huyu ni mtoto wa kaka yangu. Namjua."

"Milembe unamjua. Kichupa hatukijui. Wachukue kingine."

Evalina akatoka mwenyewe mbio kwenda wodini. Mashimba, mume wa Milembe, alikuwa amesimama mlangoni pa maabara.

"Mayu, kuna nini tena?" akamuuliza shangazi wa mkewe, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Muulize bosi wetu," Klementina akajibu.

Kichupa kipya kikaja na jina kamili. Evalina akapima, Klementina akahakiki: kundi O. Damu ikapelekwa. Lakini moyo wa Klementina ulikuwa bado unawaka. Akakichukua kile kichupa kilichokataliwa akakipima pia, apate kusema kikaoni, mbele ya daktari, kwamba Evalina alimchelewesha mgonjwa bure.

Damu ikagandana upande wa A. Akarudia. A tena.

Akafungua daftari la maabara: wodini kulikuwa na Milembe mwingine, mwanamke wa Maswa, wa kundi A. Klementina akaketi. Angeachiwa afanye alivyotaka, mtoto wa kaka yake angewekewa damu ya kumuua.

Angeweza kukitupa kichupa kile, na alitamani kufanya hivyo. Lakini alimwita Evalina, akamwonyesha.

Evalina alikitazama kigae. "Asante, dada. Twende tukawaambie wodini. Tusitafute wa kumlaumu, tutafute ilivyotokea."

Hakujigamba hata kidogo, na utulivu huo nao Klementina akauonea wivu.

Milembe alirudi nyumbani na mtoto wake. Ithibati ilipopatikana, watu walimpigia Evalina makofi. Klementina alipiga pia, polepole. Siku hizi yeye ndiye anayerudisha vichupa vingi kuliko wote, na wauguzi wanamnung'unikia. Mwezi uliopita mkaguzi alipita akauliza ni nani mkali zaidi wa taratibu hapa. Evalina akafungua mdomo.

"Mimi," Klementina akamwahi.