Mwanangu Anatembea Nisipokuwepo

Siku niliyomwona mwanangu akitembea kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimejibanza nje ya dirisha la nyumba yangu mwenyewe, kama mtu aliyekuja kuiba.

Nilipomwita, akakaa chini.

Tulieni niwaeleze, maana najua kuna walioanza kunihukumu.

Mimi ni msusi. Kazi yangu ni kusimama kutwa nzima na vichwa vya watu mikononi. Asubuhi natoka mtoto bado amelala, narudi jua limeshapoa na miguu yangu inawaka moto.

Mtoto mwenyewe tulimpa jina la utani, Bosi. Alilipata kihalali. Alikuwa ameshapita mwaka na nusu, wenzake wanakimbia, yeye amekaa katikati ya mkeka ananyoosha kidole. Kile. Hiki. Leta. Na sisi wafanyakazi wake tunaleta.

Mwanzoni tulicheka sana. Baadaye kicheko kikatuishia.

Kliniki walimkunja miguu, wakamkunjua, wakamsimamisha akiwa ameshikwa kwapani. Nesi akaniambia, "Mifupa iko sawa, nyonga ziko sawa, miguu ina nguvu. Mpe muda, mama."

Nikasema asante. Nikatoka nje nikalia. Ukiwa na wasiwasi, kuambiwa usubiri ni sawa na kutoambiwa kitu.

Jirani yetu wa mlango wa pili ana binti wa rika moja na Bosi. Kale katoto kalitembea mapema, halafu kakanunuliwa viatu vile vinavyolia kila kakikanyaga. Nikianika nguo, kwii, kwii, kanapita mbele yangu.

Nilivichukia vile viatu. Kuna siku niliomba vipotee, na nilimaanisha.

"Wako bado?" jirani ananiuliza.

"Bado."

"Pole. Wa kiume huwa wazito."

Anasema pole huku meno yote yako nje. Mimi naanika shuka, najificha nyuma yake.

Lakini huo wivu wa jirani ulikuwa mchezo wa watoto. Wivu wenyewe ulikuwa ndani ya nyumba yangu.

Niliporudi kazini baada ya uzazi, mama mkwe alikuja kutulelea mtoto. Ni mjane, kwake anaishi peke yake. Mume wangu akapanga kwamba mama atakaa mpaka Bosi atembee, kisha arudi kwake. Tukakubaliana, hakuna aliyenuna.

Mama wa watu hana makuu. Anapika, anafua, anamwogesha mtoto. Tatizo langu naye lilikuwa sentensi moja.

Kila jioni nikifungua mlango, Bosi ananiona, ananyoosha mikono juu na kuangua kilio. Natupa mkoba, namnyanyua. Simwachii mpaka alale. Napika yuko kiunoni, nakula yuko mapajani. Hata chooni tulikuwa tunakwenda wote, semeni mtakavyo.

Na kila jioni mama mkwe ananiambia, "Mweke chini mtoto, mwanangu."

Jamani, roho ilikuwa inaniuma. Yeye amekuwa naye kutwa. Kamlisha, kambembeleza, kamwona akicheka. Mimi nimebakiziwa vile visaa vya jioni, navyo anataka nimweke chini.

"Mama, si ndiyo kwanza nimeingia?"

Anaendelea kukunja nguo.

Siku moja nikiwa saluni neno likanitoka, nikamsimulia mteja niliyekuwa namsuka. Ni mama mmoja mwenye mdomo, lakini siku hiyo niliuhitaji mdomo wake. Akanitazama kwenye kioo.

"Shoga, hebu fikiria. Mtoto akitembea, yule bibi anarudi kukaa peke yake na kuta. Sasa wewe unadhani ana haraka gani mtoto atembee?"

Maneno yale yakaingia, yakavuta kiti, yakakaa. Tangu hapo kila nikimwangalia mama mkwe namwona mwizi.

Basi ikafika ile siku. Saluni maji yakakatika asubuhi, na bila maji huwezi kuosha kichwa cha mtu. Tukasubiri, tukachoka, mwenye saluni akafunga. Mchana mweupe mimi huyo nyumbani.

Nikapitia uani. Nikamsikia mama mkwe jikoni anaongea na mtu. Nikasogea dirishani nichungulie mgeni ni nani.

Hakukuwa na mgeni.

Alikuwa Bosi, amesimama kwa miguu yake miwili, tumbo mbele, kikombe cha plastiki mkononi. Anavuka kutoka sebuleni kuingia jikoni, taratibu, kama mwenye nyumba anayekagua mali yake.

Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda anamenya vitunguu. Hata macho hakuinua. Alinyoosha tu mkono, akapokea kikombe.

"Asante, baba. Sasa kaniletee na kijiko."

Bosi akageuka, akakifuata kijiko.

Kilichonimaliza si kwamba anatembea. Ni kwamba hakuna aliyepiga makofi. Mtoto akipiga hatua ya kwanza nyumba nzima hupiga kelele. Pale hakuna aliyeshangaa. Mtoto wangu alikuwa mtembeaji mzoefu, anatumwa na vijiko, na mimi sikuwa na habari.

Nikamwita.

Bosi akageuka. Akaiona sura yangu dirishani. Miguu ile ile iliyokuwa inatembea ikalegea, akakaa chini pwaa, akanyoosha mikono juu, akaanza kulia.

Niliingia ndani kama upepo. Nikamnyanyua.

"Ameanza lini, mama?"

Mama mkwe akafuta mikono kwenye kanga yake. "Si leo."

"Baba yake anajua?"

"Anajua. Nilimwambia anyamaze."

Naomba niseme ukweli. Sikufurahi. Mtoto niliyemlilia kliniki anatembea, na mimi nimejaa wivu mpaka mdomo mchungu. Nilimwonea wivu yule mama kwa zile hatua zote. Nilimwonea wivu hata kwa kile kijiko.

"Umemficha," nikamwambia. "Umemficha ili usirudi kwako."

Nilidhani atabisha. Hakubisha. Aliinuka, akaenda chumbani kwake, nikasikia anafungua kabati. Anapakia nguo.

Mimi nimesimama jikoni, Bosi kiunoni, najiona nimeshinda. Raha ya dakika chache ile, siwezi kuikana.

Kisha akatokea mlangoni, gauni moja bado liko mkononi.

"Nitakwenda, mwanangu. Ila nikwambie, na usinikatize. Ulilosema ni kweli, nusu yake. Kule kwangu kumenishinda, sina hata wa kumwambia habari za asubuhi. Nusu ya pili ni kwamba nilitaka uone mwenyewe. Hatua za mwanao uje kusimuliwa na mimi? Ungejisikiaje? Ndiyo maana kila jioni nakwambia mweke chini. Ungemweka chini kidogo tu, ungeona."

Nikamtazama Bosi aliyekuwa kiunoni kwangu.

"Sasa mbona mimi nikija anakaa?"

"Kwa sababu akikaa unambeba."

Alisema hivyo kwa upole, wala hakuwa ananisuta. Akakaa kwenye kile kigoda chake.

"Mimi ananifuata kwa miguu kwa sababu kwangu anafuata maji, anafuata kijiko. Kwako hafuati kitu. Anakutaka wewe. Kutwa nzima anazunguka humu ndani, akisikia kitasa cha mlango anakaa, kwa sababu ameshajua asiyetembea ndiye anayebebwa. Kuna jioni nilikaa mimi karibu na mlango nikamnyooshea mikono. Alinipita akitambaa, akaja kukaa miguuni kwako akalia. Nilikuonea wivu siku ile. Utu uzima huu wote, nikaingia chumbani nikanuna."

Kumbe tulikuwa tunaoneana wivu chini ya paa moja, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyepata zaidi. Kinachonichekesha mpaka leo ni kwamba Bosi alikuwa anatuendesha wote wawili.

Nikamweka chini.

Nikarudi nyuma mpaka ukutani, nikakaa sakafuni, nikakalia mikono yangu ili isinisaliti. Bosi akalia. Kilio hicho hamjawahi kukisikia. Ananinyooshea mikono, ananiangalia kama mama aliyemtupa jalalani.

Machozi yakaanza kunitoka na mimi.

"Usinyanyuke," mama mkwe akaniambia. Naye alikuwa amekishika kigoda kwa mikono miwili.

Bosi akalia tena, akanisubiri, akaona sitikisiki. Kisha akaweka viganja chini, akainua makalio, akasimama. Akaja kwangu kwa hasira, machozi na makamasi usoni, kama mtu anayekwenda kushtaki. Alipofika akaniangukia kifuani, akaning'ata bega.

Hata mimi sikupiga makofi. Nilikuwa nimemkumbatia.

Kisha nikasema, "Mama, rudisha nguo kabatini."

"Na makubaliano je?"

"Yale yalikuwa makubaliano ya mwanao. Tutamjulisha yamebadilika."

Mume wangu aliporudi alikuta tumemnunia wote wawili kwa kujua na kunyamaza. Alikula bila kuuliza chumvi iko wapi.

Ndugu zangu, hasa nyinyi mnaoacha watoto asubuhi mkarudi jioni, nina moja tu la kuwaambia. Mengi ya mwanao yatatokea ukiwa kazini, na yatamtokea mbele ya mtu mwingine. Wivu utakushika, usijidanganye. Lakini kabla hujamfukuza huyo mtu, mketishe umuulize yeye anakuonea wivu wa nini. Jibu lake linaweza kukukalisha chini.

Bosi sasa anakimbia kumshinda yule binti wa viatu, na jirani ndiye anayejificha nyuma ya shuka.

Juzi nilirudi kutoka kazini, nikafungua mlango, nikachuchumaa, nikanyoosha mikono. Bosi akachomoka mbio kutoka jikoni. Nikajiandaa kumdaka.

Akanipita. Akaenda kona ya sebule, kwa bibi yake aliyekuwa hata hajamwita, akakaa chini miguuni pake, akanyoosha mikono juu na kuanza kulia.

Wivu ukanipanda kama kawaida yake.

Nikafungua mdomo nimwambie asimnyanyue. Lakini mama mkwe alikuwa ameshamweka kifuani, kidevu chake juu ya kichwa cha mtoto, macho ameyafumba.

"Niache, mwanangu," akasema. "Leo ni zamu yangu."