Pingili ya Sita

Kwenye ofisi yetu ya michoro ya vitabu na mabango tulimwita Bi Mstari, kwa sababu hakuwahi kuchora kitu bila kuanza na mstari. Umtake jongoo, anachora mstari. Umtake ukuta wa seli wa kitabu cha sekondari, mstari tena, safari hii umepinda kama njia ya mlevi. Kisha anakaa na kipande kimoja tu, tuseme pingili moja ya jongoo, anaichonga asubuhi nzima mpaka unamwonea huruma. Akiridhika nayo anaiandikia kompyuta maagizo: chukua hii, irudie juu ya mstari wote, kila baada ya milimita kadhaa, na mstari ukipinda nayo ipinde. Anabonyeza, na jongoo mzima huyo kwenye kioo. Wageni walishangaa. Yeye alipandisha miwani tu na kusema, "Kimoja kikiwa kizuri, vyote vimekuwa vizuri."

Tulikuwa watatu: yeye, bosi asiyekaa ofisini, na mimi msahihishaji. Kazi yangu ni maneno. Koma ikikaa vibaya nawashwa mwili mzima, lakini mifupa na seli zilikuwa zake. Simu ya ofisini ilikuwa yangu, kwa sababu iko mezani kwangu. Nayasema haya mapema msije mkadhani najisafisha.

Bi Mstari hakuolewa. Mama yao alipofariki alibaki na mdogo wake wa miaka saba, akamlea, akamsomesha kwa kuchora majongoo na springi, na mpaka leo akimtaja husema "mwanangu" halafu anajirekebisha. Mwaka ule huyo mwanawe, mtu mzima wa miaka thelathini na tatu, alikuwa na mimba yake ya kwanza, na mtoto alikaa vibaya tumboni. Madaktari wakaamua upasuaji. Bi Mstari akaanza kutia chumvi kwenye chai, kisha anainywa hivyo hivyo.

Siku yenyewe alikuja kazini, maana hospitalini wageni waliruhusiwa mchana tu, na nyumbani, alisema, kuta zilikuwa zinamsogelea. Saa nne na nusu simu yake ikalia. Aliiweka mezani, sauti ya juu.

"Dada, nipo kwenye benchi, nangoja kuingizwa. Halafu usicheke, picha yako iko hapa ukutani!"

"Picha gani?"

"Ya mama aliyeketi ameinama, anachomwa sindano ya ganzi mgongoni. Jina la ofisi yenu liko chini. Naogopa, Dada. Basi nimekaa naihesabu hii mifupa ya kiuno uliyoipaka bluu, nitulie. Moja, mbili, mpaka sita, halafu naanza upya."

Bi Mstari aliweka kalamu chini.

"Mpaka ngapi?"

"Sita."

"Hesabu tena, mdogo wangu. Polepole."

Akahesabu. Zikawa sita.

Hata mimi nisiyejua mifupa nilijua binadamu ana pingili tano za kiuno, maana maneno hayo niliyasahihisha mwenyewe. Yako kandokando ya mchoro ule ule, koma zake zote mahali pake.

Alifungua faili, na mambo yakawa wazi mara moja. Mchoro wa kwanza ulikuwa wa mgonjwa aliyelala, mgongo umenyooka. Hospitali ikaomba aketi, ainame. Bi Mstari akauvuta mstari wa kiuno ukapinda, na kwa kupinda ukarefuka kidogo. Kwenye maagizo hakuwa ameandika pingili tano. Aliandika kila milimita tisa. Kompyuta ikaona nafasi imebaki, ikaijaza kwa pingili ya sita, safi kama nyingine. Mshale wa sindano aliufunga chini ya pingili ya tatu kutoka juu, kwa hiyo chini yake sasa zilibaki tatu badala ya mbili.

"Anayejifunza akihesabu kutoka chini kwa kufuata hii," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo mno, "atachoma pingili moja juu zaidi. Na huko juu ndiko unaikaribia kamba ya neva. Anaweza kumharibia miguu."

Mimi nilikufa ganzi bila sindano. Wiki mbili kabla, mwanamume mmoja alipiga simu ofisini. Alisema mchoro wetu wa mgongo una mfupa umezidi. Nilikuwa na kurasa mia mbili mbele yangu na bosi ananidai. Nikamjibu, "Mzee, hiyo inachorwa na kompyuta, na kompyuta haikosei kuhesabu." Nikakata. Sikuandika popote, wala sikumwambia mtu.

Bi Mstari alimpigia mdogo wake mara nne. Simu iliita tu. Walishamvua nguo na kumchukulia simu. Akapiga namba ya hospitali, ikawa ni ule muziki wa kusubirisha watu. Akatoka na viatu vya ofisini vya kuburuza, mimi nyuma yake na mkoba wake, tukaingia teksi.

Ndani ya teksi alikuwa anahesabu kwa midomo, bila sauti. Nilikuwa na dakika kumi na tano za kusema. Nilitazama dirishani.

Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa na muuguzi mpana kuliko mlango. "Mama, hapa hapaingiwi."

"Mwambieni anayemchoma mdogo wangu asiifuate ile picha! Pingili imezidi! Mimi ndiye niliyeichora!"

Kelele hizo zilimtoa daktari wa usingizi, barakoa imeshuka kidevuni. Alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mimi sikulifanya.

"Mama, tulia. Sisi tunashika nyonga kwa mikono miwili, vidole gumba vikutane mgongoni, tunahesabu kwa vidole. Picha ni ya kufundishia tu."

"Nani atamchoma?"

Akasita. "Ameshachomwa. Na mwanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho. Lakini alama nilimwekea mimi kwa kalamu, na nilisimama hapo hapo." Kisha akatugeukia vizuri. "Kumbe nyie ndio wa ofisi ile ya michoro? Mimi niliwahi..."

Akaitwa ndani, mlango ukafungwa. Ilikuwa sauti ile ile ya kwenye simu. Bi Mstari hakuwa amesikia hayo ya mwisho. Alibaki kwenye neno mwanafunzi.

Baada ya dakika arobaini mtoto wa kike alilia huko ndani, kwa hasira ya kutosha. Nilidhani mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, maana sindano ile ikikaa sawa miguu inakufa ganzi, na ikikosea miguu inaweza kufa kabisa, na kwa macho huwezi kutofautisha hali hizo mbili. Lazima ungoje. Muuguzi alisema saa mbili, au tatu.

Tukakaa miguuni pa kitanda wodini, macho kwenye vidole kumi. Mama mtoto alikuwa amechoka na amefurahi, mwanawe kifuani.

"Mbona mnaniangalia miguu kama mnataka kuniuzia viatu?"

"Jaribu kuchezesha kidole," alisema Bi Mstari.

"Sikisikii."

Saa ya kwanza ikapita. Bi Mstari alimminya unyayo, akauliza, "Na hapa?" Hakuna. Alimweleza mdogo wake habari za mvua huku machozi yamemjaa machoni. Saa ya pili ikapita. Muuguzi alipita akasema ni kawaida, na sisi tukaitikia kawaida, kawaida, kama watu wanaoitikia sala. Niliogopa miguu ile kuliko nilivyowahi kuogopa kitu. Niliogopa pia daktari asije akaingia na kuitambua sauti yangu, kwa hiyo nilinyamaza, na kunyamaza huko kulinitia aibu mpaka jasho likanitoka.

Ilikuwa saa nane na dakika kumi. Kidole gumba cha kushoto kilitikisika. Tukadhani shuka. Kikatikisika tena, kisha na kile kidogo, na mwenyewe akasema, "Aa, sasa nasikia wadudu wanatembea."

Bi Mstari aliinamisha kichwa kwenye unyayo ule, akalia wazi, mabega yakicheza. Mdogo wake alimwangalia asielewe. "Dada, kuna nini? Mimi mzima. Tazama, mzima."

Alijipangusa kwa ncha ya shuka, akaniambia mimi, kwa upole ule wake:

"Ile picha imekaa ukutani wiki tatu. Wauguzi wanapita, madaktari wanapita. Laiti hata mtu mmoja angeihesabu akaniambia."

Vidole vilikuwa bado vinacheza. Nikaweka mkoba wake chini.

"Aliihesabu mtu, Bi Mstari," nikasema. "Akapiga simu. Nikapokea mimi."