Paa wa Uswidi

Baba yangu alianza kupanga safari ya kwenda kuwinda akiwa na miaka sabini na miwili, vidonge vitatu vya moyo kwa siku, na goti lililomlazimisha kushuka ngazi kinyumenyume. Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka tisini na tisa. Alikuwa akikaa peke yake Barking, ghorofa ya nne, katika flati ya kaunsili ya mji waliyopewa yeye na mama, na mama alikuwa keshatutoka. Mimi nilikuwa nakaa Hayes na mke wangu na binti yetu. Nilifanya kazi kwenye bohari karibu na uwanja wa ndege, na kila Jumamosi nilivuka London nzima kwa basi na treni mbili kwenda kumjulia hali. Ndivyo nilivyokuwa nikisema, kumjulia hali. Kweli yenyewe ni kwamba nilikwenda ili dada zangu wasinisengenye.

Nilimdharau baba yangu. Sikumchukia, maana chuki inataka nguvu. Kwa miaka ishirini na tatu alikusanya tiketi mlangoni mwa stesheni, akivaa kofia iliyomzidi kichwa, na alipokuwa akirudi nyumbani alitembea kama mtu aliyeacha kasri nyuma yake. Wazee wenzake walikuwa hivyohivyo. Walikutana baada ya sala ya alasiri kwenye chumba cha nyuma cha duka moja la nguo, na ukiwasikiliza ungedhani Unguja ya zamani haikuwa na mkulima wala mchukuzi. Kila mmoja alikuwa na shamba la mikarafuu lililotaifishwa. Kila mmoja alikuwa na babu kadhi. Baba, kwa kuwa hakuwa na shamba la kutaja, alikuwa na usasi wake.

Hadithi za usasi nilizijua kwa moyo. Kule kusini mwa kisiwa, uwandani, penye mawe makali na vichaka, walikwenda kila Jumapili na mbwa na bunduki kuwinda paa. Tulimzunguka, alisema. Tulimpata. Tulirudi na watano. Nilipokuwa mdogo nilimwona akilini mwangu na bunduki begani. Nilipokuwa mkubwa nilimwona akiogopa jogoo wa jirani, tulipokwenda Unguja kumzika bibi, na tangu siku ile hadithi zile zilinichosha.

Basi ikaja barua. Iliandikwa na rafiki yake wa zamani, mzee aliyekimbilia Uswidi miaka ile ile baba alipokimbilia Uingereza. Mzee huyo sasa alikuwa mjane, na alikuwa akiishi kwenye kijiji cha msituni na kuwinda pamoja na wanakijiji kila Oktoba. Mnyama wao kwa Kiingereza anaitwa musi. Ni mrefu kuliko farasi, ana pua iliyolegea kama ya ngamia na pembe pana kama sinia za harusi. Baba hakujali jina. Alimwita paa wa Uswidi, na alinitangazia kwamba Oktoba tungekwenda mimi na yeye kumtafuta.

Nilikubali. Nilijua ingekufa yenyewe, kama ulivyokufa mpango wake wa kufungua duka la halua na mpango wake wa kujifunza kuendesha gari. Kwa hiyo kila Jumamosi nilikaa jikoni kwake, yeye akichora ramani nyuma ya bahasha za dawa, mimi nikila mkate wa kumimina na kumwangalia. Alinunua darubini sokoni, na jicho moja la darubini hiyo lilikuwa na ukungu. Alinunua koti la mvua la kijani lililofika magotini. Aliniuliza maswali ambayo alitaka niyachukulie kwa uzito: je, ukisema bismillahi unapofyatua, na mnyama akafa kabla ya kisu kumfikia, si halali? Nikamwambia amuulize imamu. Akaenda kweli. Imamu, mtu mpole, alimweleza kwa nusu saa, na baba akarudi ameandika kila kitu kwenye daftari, kana kwamba mnyama yuko bafuni anasubiri hukumu.

Dada zangu walinipigia simu wakicheka. Nami nilicheka nao. Nilikuwa naigiza sauti yake, ile ya "paa mkubwa, mwanangu, mkubwa kuliko kabati hili," na mke wangu alikuwa akitoka chumbani kila nilipoanza. Nilidhani hapendi kelele.

Mwezi wa pili nikapigiwa simu kazini. Alikuwa jirani yake, mama mmoja wa Kikongo aliyetunza wagonjwa majumbani na ambaye alikuwa akimletea baba supu. Alisema kwa Kiswahili chake cha kwao: "Papa yako iko inje kwa balkoni tangu asubui. Namuita, haongee. Baridi itamuua."

Niliacha kazi nusu. Safari nzima kutoka Hayes nilimfikiria amekufa, na nitasema na hili: nilikuwa nahesabu nani nitampigia kwanza. Nilipofika, yule mama alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya kazini. Baba alikuwa balkoni, juu ya kiti cha plastiki, amejifunika blanketi mbili juu ya lile koti la kijani. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Macho yalikuwa wazi, yakiangalia eneo la kuegesha magari.

Alinyanyua kidole nisiseme. Kisha akaangalia saa, akapumua, akasema, "Masaa manne na dakika kumi. Sikutikisika."

Alikuwa anafanya mazoezi. Rafiki yake alikuwa amemwandikia kwamba kule hawamkimbizi mnyama. Wanakaa kwenye kiti cha mbao kilichojengwa juu ya nguzo, masaa matano, masaa sita, na mtu akikohoa tu siku imeharibika. Nilimwingiza ndani, nikampa chai, nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii baba yake. Nilimwambia amekuwa mtoto. Nilimwambia watu wazima wa umri wake wanakaa na kumshukuru Mungu. Yule mama wa Kikongo aliinamisha uso, akaondoka bila kuaga. Baba alishika kikombe kwa mikono miwili na kuuliza kama nimeshajaza fomu ya bima ya safari.

Fomu ile ndiyo iliyonipa nilichokitaka. Wiki iliyofuata niliijaza, na palikuwa na swali kama msafiri atashika silaha yoyote. Baba alikuwa ameingia kutawadha. Nikafungua kopo la biskuti alimoweka barua, nitazame rafiki yake amesema nini juu ya bunduki. Barua zilikuwa tano, mwandiko wa kusimama, wa mtu aliyesomeshwa vizuri. Ya kwanza kabisa, ile ile aliyonisomea kwa sauti, ilikuwa na kipande ambacho hakukisoma. Rafiki yake aliandika kwamba sheria ya kule haimruhusu mgeni asiye na cheti kushika bunduki, kwa hiyo baba hatopiga, atakaa tu kando yake. Halafu akaandika: "Wala hutakimbia safari hii. Wa kuswaga wapo, vijana na mbwa wao. Wewe umeshakimbia vya kutosha."

Nilisoma mara mbili. Nilielewa yote kwa pamoja, na nilichokisikia, Mungu anisamehe, kilikuwa furaha. Bwana msasi hakuwahi kuwa msasi. Miaka yote ile ya tulimzunguka na tulimpata, yeye alikuwa mswagaji, mmoja wa wale wanaopiga kelele vichakani ili paa atoke akapigwe na watu wengine. Hakuwa amesema uongo hata mara moja. Alijificha ndani ya ile "tu" ya tulimpata. Nikazirudisha barua, nikafunga kopo, nikasubiri.

Sikusubiri sana. Jumamosi ile ile nilimsindikiza hadi kwenye chumba cha nyuma cha duka, jambo ambalo sikuwa na kawaida nalo, na alifurahi nilivyokaa na wazee. Walikuwa sita, wamezunguka birika la kahawa. Baba akaanza. Kiti cha juu, ukungu wa asubuhi, pembe. Mzee mmoja, aliyedai kuwa aliwahi kumiliki mabasi mawili, akamuuliza atatumia bunduki ya namna gani.

Baba akanyanyua kikombe chake, na mimi nikajibu.

"Baba hatoshika bunduki," nilisema. "Hajapata kushika. Alikuwa mswagaji."

Nilitaka wacheke. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko chao. Hakuna aliyecheka. Mwenye mabasi alitazama kikombe chake, mwingine akanyoosha kanzu magotini, na nikaona kwamba walikuwa wanaogopa, kila mtu kwa siri yake, kwamba baada ya baba nitawageukia wao. Nikawadharau zaidi kwa kuogopa.

Baba aliweka kikombe chini. "Kweli," alisema. "Nilikuwa mswagaji. Tangu na miaka kumi na miwili."

Kisha akawaeleza, hakunieleza mimi. Rafiki yake alikuwa mtoto wa bwana ambaye baba yake baba, yaani babu yangu, alimlimia. Jumapili vijana wa mabwana walikuja na bunduki wakakaa chini ya kivuli, mwisho wa vichaka. Yeye na wenziwe walianzia upande wa pili, miguu mitupu juu ya yale mawe, wakipiga madebe na kupiga mayowe, wakikimbia hadi walipotokea kwenye kivuli. Mawe yale yanakata kama chupa. Siku ya paa watano walipewa kichwa na matumbo wagawane. Yule rafiki alikuwa akimtupia chungwa. Hakuwa mtu mbaya, baba alisema, alikuwa kijana kama yeye, lakini hakupata kumwambia akae.

"Sasa ameniandikia nikakae," alisema. "Basi nakwenda kukaa."

Mwenye mabasi akamjazia kahawa, na baada ya muda mzee mwingine, kwa sauti ndogo, akasema kwamba baba yake mwenyewe alikuwa mchukuzi bandarini. Hakuna aliyemwuliza. Mimi niliaga kwa kisingizio cha treni.

Baba hakuligusa jambo lile tena. Wiki iliyofuata alinipokea kama kawaida, akanipa mkate, akaniuliza kama akate tiketi mbili. Nilimwambia kazini wamenikatalia ruhusa. Sikuwa nimeomba. Nilikuwa na aibu, na mimi aibu ikiniingia hugeuka dharau, sijui kwa nini. Ndivyo nilivyoumbwa au ndivyo nilivyojizoesha. Njiani kurudi Hayes nilijisemea kwamba mtu mwenye akili hapotezi likizo yake kwenda kumtazama mzee wa mashamba akikaa juu ya mti na mtoto wa bwana wake. Niliona ni ujinga zaidi kuliko ule uongo. Angalau uongo ulikuwa na bunduki.

Alikwenda peke yake. Nilimpeleka uwanja wa ndege kwa gari la kuazima. Alivaa lile koti na alibeba darubini shingoni, na mfanyakazi wa ukaguzi, msichana mdogo, alimsaidia kuvua viatu, vilivyokuwa vimelia kwenye mashine, kwa sababu ya goti. Nilisimama nyuma ya kamba nikiona soksi zake, moja ya kahawia na moja nyeusi. Nilifikiri atageuka kunipungia. Alikuwa anaongea na yule msichana, anampimia kwa mikono ukubwa wa pembe.

Alirudi baada ya siku kumi na kikohozi kilichomkaa mwezi mzima. Nilimuuliza kama wamepata.

"Hatukuona hata mkia," alisema.

Nikacheka, kicheko changu kile cha siku zote. Naye akacheka, kwa moyo kabisa, kama mtu aliyesimuliwa jambo zuri, na kicheko changu kikakosa pa kusimama. Alinionyesha picha moja. Wazee wawili juu ya kiti cha mbao, kofia za rangi ya machungwa, wamekaa kama wanaosubiri daktari. Nilimrudishia picha yake.

Alikwenda tena mwaka uliofuata, na mwaka mwingine baada ya huo. Mara ya mwisho daktari alimkataza kusafiri peke yake. Dada zangu walikuwa na udhuru, na mimi, nilipoona ananitazama, nikasema bohari imepunguza watu, jambo ambalo safari hii lilikuwa kweli. Binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na ambaye babu yake akimwambia jambo kwa Kiswahili alimjibu kwa Kiingereza, alisema atakwenda yeye. Walikwenda. Safari ile wenzao wa kijiji walimpiga mnyama mmoja, upande mwingine wa msitu, na wao watatu walisikia mlio wa bunduki tu.

Aliporudi nilimuuliza binti yangu wale wazee wanaongea nini kule juu siku nzima. Alinijibu kwa Kiingereza chake kwamba hawaongei, hairuhusiwi. Wanakaa. Inapofika saa nne asubuhi yule rafiki wa babu anafungua chupa ya kahawa, anamtilia babu kwanza, anampa kwa mikono miwili, halafu anajitilia mwenyewe.

Nikamwambia kumtilia mtu kahawa si kazi kubwa. Alikuwa anatafuta mahali pa kutundika koti lake, lilikuwa bado bichi.