Vioo Viwili vya Ini

Si kweli kwamba Wembe aliuawa na chupa. Walionong'ona hivyo wakiwa wamekalia viti vya wafiwa hawakujua walisemalo, na wengine walijua kidogo tu, jambo ambalo ni baya zaidi.

Wembe lilikuwa jina la kazini. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa maabara ya hospitali, chumba cha mwisho koridoni, kinachonuka dawa na nta ya moto. Kipande cha ini kisichozidi punje ya mchele alikigandisha ndani ya nta, akakikata kwa mashine utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, akauelesha juu ya maji ya uvuguvugu, akauopoa kwa kipande cha kioo na kuutia rangi ya zambarau na ya waridi. Mwisho aliutazama kwa hadubini kuona kama rangi imeshika. Kusoma ugonjwa ilikuwa kazi ya daktari. Lakini mtu hatazami maini miaka yote hiyo akabaki kipofu.

Jioni, mkewe mwalimu akisahihisha madaftari, alimsimulia.

"Ini zima, mama watoto, ni mtaa uliopimwa vizuri. Vijumba vya pembe sita, vimebanana. Katikati ya kila kimoja pana mshipa, na chembe zimepangana kutoka hapo kama spoki za baiskeli. Pembeni hupita mirija ya damu na ya nyongo."

"Na bandama?"

"Bandama ni shamba jekundu lenye visiwa vyeupe. Visiwani wanakaa walinzi. Kwenye wekundu ndiko damu iliyozeeka hukamatwa ikavunjwavunjwa."

"Kumbe tumboni kuna jela."

"Tena askari wake hawali rushwa."

Tumbo la Wembe lilipoanza kujaa, daktari alimpapasa ubavu wa kushoto akaikuta bandama imeshuka karibu na kitovu. Akampeleka wodini, akamchoma sindano kutoa kipande cha ini. Siku hiyohiyo mgonjwa mwingine wa wodi ileile alitolewa kipande kama hicho.

"Langu nitalikata mwenyewe," Wembe aliwaambia wenzake. "Nyinyi mnakata mikate."

Desturi yake, aliyomfundisha kila mwanagenzi, ilikuwa kijiwe kimoja tu cha nta mezani, na namba ya mgonjwa iliyo juu yake iandikwe kwenye kioo kabla ya kukata. Siku hiyo miguu ilikuwa haimbebi. Alivilaza vijiwe vyote viwili kwenye barafu, akakata, namba akaziandika baadaye. Kisha, kwa woga, kioo chenye namba yake akakiruka. Alikagua cha yule mgonjwa mwingine tu. Vijumba vilikuwa vimesimama salama, ila mirija ya pembeni ilizingirwa na makovu meupe, manene, na ndani ya kovu moja lilikwama yai la mnyoo. Kichocho cha tumbo.

"Pole, bwana," alisema, akaifunika hadubini.

Siku ya nne daktari alikuja nyumbani, akakaa ukingoni mwa kochi.

"Kaka, ini lako limekatika mabongemabonge. Vile vijumba havipo tena. Hiyo ni pombe. Ungeniambia."

Wembe hakuwahi kuonja pombe. Alimgeukia mkewe. Na mkewe, aliyeishi naye miaka ishirini na sita, akauliza, "Unakunywea wapi?"

Swali hilo limeandikwa hapa kwa sababu lilitamkwa.

Wembe aliinuka. Alivaa viatu akarudi maabara na daktari, akakata upya vijiwe vyote viwili, safari hii kimoja kimoja. Ini alilolionea huruma lilikuwa lake.

"Tutasema ni mashine," daktari alisema. "Nani atajua?"

"Mashine haiandiki namba. Mgonjwa mwenzangu yuko nyumbani na vidonge vya minyoo, anakunywa pombe kama kawaida. Mwite leo."

Akaliandika kosa lake katika daftari la makosa, kwa jina kamili, chini ya makosa ya wanagenzi aliowahi kuwagombeza.

Yule mwingine aliitwa, akaambiwa. Lakini mhudumu wa wodi alikuwa ameshayasoma majibu ya kwanza, na mdomo wake haukuwa na kifuniko. Haikupita wiki, dada yake Wembe akaingia bila kubisha.

"Wifi, kaka yangu kawa mlevi, nawe mwalimu mzima ukaficha?"

Mkewe alitaka kuyatoa majibu sahihi, yasomwe mtaa mzima. Wembe alimshika mkono.

"Ukisema ini lile si langu, watauliza la nani. Wodini tulichomwa sindano wawili tu. Watahesabu."

"Na jina lako?"

"Siri ya mgonjwa haitoki maabara."

Dawa ya kichocho aliimeza, ila makovu ya tangu utotoni, ya mto alimokuwa akiogelea, hayayeyuki. Miezi mitano baadaye, asubuhi, akifunga kamba za viatu, mishipa ya koo ilipasuka. Alitapika damu mpaka ikamwishia. Ombi la msamaha, ambalo mkewe alikuwa akiliahirisha akingoja apate nafuu, halikuwahi kusemwa.

Imepita miaka kumi na miwili. Mhudumu amekufa, wodi imebomolewa, hakuna tena anayeweza kuhesabu. Ndiyo maana nusu hii ya ukweli imeandikwa.

Wifi, yule dada yake Wembe, ameisoma. "Haya basi," akasema, "lile ini la mlevi lilikuwa la nani?"

Hakujibiwa. Na hatajibiwa.