Nilidai Mazishi Yale ni Yangu

Nimekosea, ndugu zangu, na msinitafutie sababu. Nimezitafuta mwenyewe mpaka nimechoka.

Mimi ni mpiga video hapa Tunduma. Harusi, sendofu za kuwaaga mabinti, kipaimara, misiba. Miaka michache nyuma nilipiga mazishi ya mzee mmoja kule Hasamba, akazikwa shambani kwake kwenye makaburi ya ukoo. Flashi niliyowapa familia ikaja kuharibika. Kwa hiyo binti yake, nitamwita Neema, alipoanza kutengeneza dokumentari, alinifuata studio. "Kaka, naomba kile kipande cha mazishi ya baba." Nikampa. Kwa mdomo tu, hatukuandikiana.

Dokumentari yenyewe ilimhusu tajiri mmoja wa hapa mjini. Amelizungushia shamba lile seng'enge, anasema amelinunua na halina kaburi hata moja. Kumbe kipande changu kinaonyesha jeneza likishushwa palepale, na ghala la jirani linaonekana nyuma!

Neema akaiweka kwenye chaneli yake mtandaoni, watu wakaiangalia sana. Wakamsifu Neema. Jina langu halikuwepo, hata mwishoni kwenye yale maandishi madogo. Jamani, wivu! Nilikuwa naifungua kila siku natafuta jina langu, utadhani lingeota.

Tajiri akanipigia simu, sauti ya upole kabisa. "Kijana, ile si kazi yako? Umeibiwa mchana kweupe na umekaa kimya? Halafu mimi nilitaka wewe ndiye upige sendofu ya binti yangu."

Basi! Nikaingia mtandaoni, nikajaza fomu ya kudai hakimiliki. Wakauliza kama video ni yangu, nikabonyeza ndiyo. Na sikudanganya, niliipiga mimi. Hapo ndipo panaponiuma zaidi.

Wiki hiyohiyo kompyuta ikajaa. Sisi huku nafasi ikiisha tunafuta kazi za zamani zilizokwisha kupokelewa. Nikayafuta mazishi yale ili sendofu iingie. Sikufikiria hata dakika moja.

Ijumaa Neema akapiga. Nilijua atanitukana, nikajiandaa kujibu.

"Kaka, nimeona jina lako kwenye lile onyo. Kosa ni langu, nilisahau kukuandika, nisamehe sana. Nimeogopa watafunga chaneli yote, ina wazee wengi niliowahoji, nikaona bora niifute ile dokumentari. Kwenye simu sina, ilijaa. Ila wewe unayo ile ya mwanzo, si ndiyo? Jumatatu tunaitwa baraza la ardhi."

Nikasema mtandao unasumbua, sikusikii. Nikakata.

Yesu wangu! Nilikimbilia kwa fundi na kompyuta yangu. Akahangaika nayo siku nzima, kilichorudi ni picha za keki.

Jumatatu nikaenda barazani, nikakaa nyuma kabisa. Tajiri akasema, "Makaburi gani? Si walete picha!" Mama yake Neema akageuka, akaniona, akainamisha kichwa kunisalimia kama mtu aliyeona msaada umefika.

Mimi nilikuwepo kwenye mazishi yale! Nilisimama hatua mbili kutoka shimoni. Hata bila video ningeweza kuinuka nikasema nilichokiona, mdomo ninao. Sikuinuka. Jumamosi inayofuata ilikuwa sendofu ya binti yake tajiri.

Tajiri alishinda. Leo pale pana miche ya kahawa, mistari imenyooka vizuri tu. Trekta ilipita kwanza.

Juzi nimekutana na yule mama sokoni Chapwa. Nikataka kupita upande wa pili, akaniwahi.

"Mwanangu, hujapata hata kakipande kadogo? Kesi siitaki tena. Nataka tu nijue nisimame wapi nikienda kumwombea."

Nikamwambia naendelea kutafuta. Nimemdanganya tena, jamani! Mimi ni mtu gani?

Wenzangu mnaoshika kamera, mkiona kazi yenu imetumika bila jina, pigeni simu mseme, "Niandike." Neema angeniandika siku hiyohiyo. Msikubali mtu mwenye lake awatume mdai haki yenu. Na kabla hujabonyeza kwamba video ni yako, jiulize ni nani amelala ndani yake. Mimi sikujiuliza. Sasa mtandaoni imeandikwa kwamba mazishi yale ni mali yangu, na mama wa watu hajui mume wake yuko chini ya mche upi.