Damu ya Saada ni O

Saada, mwanafunzi wa kidato cha sita, alirudi likizo nyumbani kwao Mwankoko na kadi ya kuchangia damu aliyopewa shuleni. Kundi O. Baba yake, Abdulrazaki, fundi pikipiki, aliisoma mara mbili, akairudisha. Yeye ni A. Mkewe Kuluthumu ni B, na kadi yake ya kliniki, ya wakati ana mimba ya Saada, inasema hivyo. Kwenye gereji yake, mtu akamwambia A na B hawazai O.

Hakumtuhumu mkewe. Alimuuliza tu kama kadi ile ya kliniki haikukosewa, na tangu siku hiyo akawa anakula akitazama sahani. Kuluthumu hakuwa na la kuficha, lakini utulivu ulimhama. Sokoni alimpimia mteja mmoja vitunguu mara mbili. Nyumbani alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Akimtazama Saada, alijikuta anamtafuta Abdulrazaki usoni mwake. Pua ni ile ile, paji ni lile lile, na bado aliendelea kutafuta. Utajiteteaje kwa kosa ambalo hakuna aliyelitamka?

Siku ya tano alifunga genge lake la sokoni, akapanda bodaboda hadi maabara moja mjini. Mtaalamu, dada aitwaye Elina, alimsikiliza mpaka mwisho. Akamweleza kwamba kila mtu hurithi kundi la damu kwa wazazi wote wawili, sehemu moja kwa mama, nyingine kwa baba. O hujificha nyuma ya A au B, na kipimo cha kawaida hakiioni. Wazazi wa A na B, kila mmoja akiwa na O iliyojificha, wanaweza kumzaa mtoto wa O.

"Mama mkwe wako ni kundi gani?" Elina akauliza.

Kuluthumu alikumbuka siku mama mkwe alipofanyiwa upasuaji, ndugu wakahangaika kutafuta damu ya kundi lake, O. Akamwambia Elina.

"Basi mumeo lazima anayo O. Mama wa O hana kingine cha kumrithisha mwanawe."

Kesho yake alimpeleka Abdulrazaki kwa Elina. Mumewe alisikiliza huku akikwangua grisi kwenye kucha. Walipotoka, akasema, "Nisamehe. Niliogopa kuuliza."

"Uliiuliza kadi, baba Saada. Mimi hukuniuliza."

Alimsamehe, wakapanda bajaji pamoja. Njia nzima Kuluthumu alihamisha mkoba kutoka paja hili kwenda lile. Mumewe ameamini, hilo halikuwa na shaka. Ila ili aamini, alihitaji kuambiwa na mtu baki mwenye koti jeupe.